Barua ya wazi kwa afisa utalii wetu wa Tanga: sio kila jengo ni "la Mjerumani"

Mheshimiwa, shikamoo. Kama umri wetu unalingana basi igeuze mwenyewe iwe mambo vipi, mi sikufahamu kwa sura na wewe hunijui, ila bajaji yangu nna uhakika umeshapishana nayo maana huu mwaka wa kumi na moja nazunguka Tanga hii, Kange, Ngamiani, Makorora, Sahare, Raskazone, kote huko. Naandika nimepaki chini ya mwarobaini nasubiri abiria, kwa hiyo ukiona pahala maneno yameruka ujue nilipata kichwa nikaondoka.

Sijaja kugombana na mtu. Nimekuja kuungama kwanza, alafu niombe kitu kimoja.

Kuungama ndo huku. Likizo ya mwezi wa sita nilimchukua dada mmoja pale stendi Kange, kashuka na basi la alfajiri na mwanawe wa kiume wa darasa la tano, wanatoka Singida, wamekuja harusini. Harusi yenyewe usiku, wao wamefika asubuhi, mwenyeji wao yuko bize na masufuria hana hata muda wa kuwapokea, dada akaniambia kaka hebu tuzungushe mji mtoto auone bahari na majengo, tumeambiwa Tanga kuzuri. Tukaelewana hela. Mi kazi hiyo naipenda kuliko kubeba magunia ya viazi, na wageni wa hivyo tunawapata sana, si ndo hiyo waja leo waondoka leo tunayoimbiwa kila siku, mtu ana masaa manne matano tu mkononi na anataka aondoke na kitu cha kuhadithia kwao.

Basi tukaingia mjini. Dogo kakaa pembeni shingo iko nje kama kuku wa kwenye tenga. Tukapita stesheni ya reli, "anko hili la nini?" Nikamwambia la Mjerumani. Tukafika kwenye boma la zamani ambalo saivi ndo makumbusho ya Urithi, "na hili?" La Mjerumani. Mnara wa saa, Mjerumani. Tukakata kwenda Bombo, lile jengo la kale la hospitali lililokaa juu ya ukingo wa bahari, nikamwambia hilo nalo Mjerumani huyohuyo. Mama yake akauliza, sasa walikuwa wanafanya nini humo kote? Nikasema mambo yao. Tukarudi mjini tukapita maktaba, ile yenye matao na uwazi katikati, dogo hata hakuuliza, kajijibu mwenyewe, "la Mjerumani". Nikamwambia umeshakuwa mtu wa Tanga wewe.

Mheshimiwa, ile maktaba sio ya Mjerumani. Mjerumani alishatolewa Tanga toka 1916, na maktaba kajenga Mwingereza miaka ya 1950 kwa kumbukumbu ya Mfalme George wa Sita. Nimepita mbele yake mara ngapi kwa siku, miaka kumi na moja, nimepaki kivulini kwake, nimekula mihogo pale nje, na nilikuwa nadanganya watu kwa sauti ya mtu anayejua.

Lakini aibu yenyewe hasa haikunikuta hapo, ilinikuta Tongoni. Dada aliona muda bado upo akasema twende hata nje ya mji kidogo, nikawapeleka barabara ya Pangani, kama kilomita 20 hivi, bajaji inakohoa lakini tukafika. Kama hujafika siku nyingi mheshimiwa nikukumbushe palivyo. Kuna gofu la msikiti, kuta za mawe ya matumbawe, bado unaiona kibla ilipokuwa, na pembeni makaburi ya zamani kama ishirini na kitu yenye nguzo, yaani kaburi lina uzio wake wa mawe na juu yake inasimama nguzo kama mnara mdogo. Nguzo nyingi zimeshaanguka zimelala chini kama magogo. Watu wanaofuatilia mambo haya wanasema ndo makaburi ya nguzo mengi zaidi yaliyokusanyika sehemu moja katika pwani yote hii ya Afrika Mashariki, na sisi tunapita pale tunawahi Pangani kununua samaki.

Dogo akaenda kwenye kaburi moja lina vishimo vya duara ukutani, akaingiza ngumi yake, ngumi ikakaa vizuri kabisa kama kikombe na kisahani. "Anko hapa palikuwa na nini?" Mi kimya. Kuna mzee alikuwa kakaa kivulini, mtu wa palepale kijijini, ndo akajibu, palikuwa na mabakuli, mabakuli ya China, waliyapachika kwenye chokaa ikiwa mbichi, yalikuwa yanang'aa jua likipiga. Dogo akauliza saivi yako wapi. Mzee akasema wamechukua wenye mikono. Alafu yule mtoto akageuka akaniangalia mimi, akauliza taratibu tu bila ubaya, "na haya ya Mjerumani?"

Mzee alicheka mpaka kofia ikamwanguka. "Mjukuu wangu, haya yanajengwa huyo Mjerumani hajui hata kama kuna bahari huku." Kisha akanitazama, hakusema kitu lakini nilielewa, we mtu mzima una mwendo gani huu wa kutembeza watoto wa watu.

Wallahi ile safari ya kurudi niliendesha kimya.

Kesho yake nikafanya kitu sijawahi kufanya, nikaingia ndani ya ile maktaba. Nimeingia ile maktaba kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka 38. Ndani kuna ubaridi mzuri, upepo unapita kwenye matao, na mtu hakufukuzi. Nikaanza kusoma kidogokidogo, siku ya kazi mbovu naenda saa moja, mbili, na mengine nikawauliza wazee wa barazani Ngamiani, na nikagundua mji huu nimeuendesha miaka yote kama mtu anaendesha gari lililofungwa vioo vyeusi.

Chukua hiyo reli. Mi nlijua ni ya Mjerumani basi. Kumbe ujenzi ulianzia hapahapa Tanga 1893, ndo reli ya kwanza katika nchi hii, kabla ya hiyo ya kati ya Dar. Na haikwenda kwa mbio, kampuni iliyoanza iliishiwa hela njiani mpaka serikali yao ikaichukua, ikafika Korogwe 1902, ikafika Moshi 1911. Miaka kumi na minane kwa kilomita kama 350! Nikiwaambia abiria hiyo wanacheka, wanasema kumbe mambo ya mradi kusimama hayajaanza leo. Na tuta lile lilichimbwa kwa majembe na mabega ya watu wa huku, hao mbona hatuwatajagi.

Au hayo majengo yenyewe. Mzee mmoja wa Barabara ya 12, alikuwa fundi mwashi zamani, alinifundisha kitu mpaka leo nikipita nakitazama. Akaniambia usiangalie nani kaagiza jengo, angalia limejengwa na nini. Majengo ya kale ya pwani ni jiwe la matumbawe lililochongwa, chokaa iliyochomwa kwa kuni na kulowekwa, na boriti za mikoko kwenye dari, ndo maana vyumba vya zamani vyembamba, urefu wa boriti ndo upana wa chumba. Ujuzi huo Mjerumani kaukuta, hakuja nao kwenye meli. Kwa hiyo nenda Tongoni kashike ukuta, alafu rudi mjini katafute pahala plasta imebanduka kwenye jengo la kale, utaona mawe ni ndugu. Aliyelipa ni mmoja, aliyejenga ni mwingine, na jina kachukua aliyelipa.

Wahindi wao walikuwa wajanja. Pita mitaa ya katikati ya mji uangalie juu, usiangalie maduka, angalia juu ya veranda, utaona nyumba kadhaa zimeandikwa mwaka na herufi za mwenyewe kwenye paji la nyumba kabisa kwa saruji. Jua limepiga, mvua imenyesha, mwenyewe keshakufa, maandishi yapo. Hilo nitalirudia huko chini.

Ngamiani ndo hatupapeleki wageni kabisa na mi naona tunakosea. Barabara zimenyooka zina namba, ya kwanza, ya pili, mpaka huko ishirini na ngapi, na bado kuna nyumba za Kiswahili za asili, ukumbi mmoja umekatiza katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma, baraza mbele. Baraza ndo ofisi ya mtaa, hapo kahawa, bao, siasa, mpira, Coastal na African Sports watu wanataka kutoana macho. Mgeni akikalishwa pale dakika ishirini na kahawa chungu na kashata anaondoka na Tanga nzima. Hilo halihitaji hata bajeti.

Sasa nije kwenye nyuki maana hapa nimedanganya zaidi kuliko pote. Novemba 1914, vita ya kwanza ya dunia, Waingereza walikuja na meli wakashusha watu kama 8,000, wengi wao askari kutoka India, wakashukia upande wa Raskazone waingie mjini. Mjerumani, kamanda wao yule Lettow-Vorbeck, alikuwa na kama 1,000 tu, na wengi wao ni askari weusi. Siku ya tatu Waingereza wamerudi melini wanakimbia, wameacha bunduki na risasi kibao. Na katikati ya mapigano nyuki walichokozwa wakatoka kwenye mizinga yao wakashambulia. Mi kwa miaka yote nawaambia wageni kwamba Mjerumani aliwafuga wale nyuki akawafundisha kuwajua Waingereza, kuna mwaka niliongeza kwamba walikuwa wanapulizwa filimbi. Watu wanapiga picha, wanatoa hadi tip. Kumbe nyuki waliwauma wote, hawakuuliza pasipoti, na huo uzushi wa kwamba nyuki walitegwa hata Waingereza wenyewe waliusema kule kwao kupunguza aibu. Kwa hiyo sipo peke yangu, lakini ndo hivyo.

Na kile kisiwa kilichopo mbele ya bandari, Toten, unakiona ukisimama popote ufukweni, kimezungukwa na mikoko. Niliwaambia watu jina linatokana na "toto", kisiwa cha mtoto, maana ni kidogo. Toten ni neno la Kijerumani, ni wafu. Kina makaburi na magofu ya msikiti wa karne nyingi. Hapo Mjerumani kachangia jina tu, wafu wenyewe ni wetu.

Bustani nazo. Jamhuri Park mi ndo kijiwe changu cha mchana, unakaa juu unaiona bandari yote kama imewekwa kwenye sinia. Miaka ile naanza kazi meli kubwa zilikuwa zinatia nanga huko mbali mzigo unashushwa na matishari, saivi wamechimba kina meli zinakuja kufunga gatini, na sisi tuliokaa pale juu tumeyaona mabadiliko hayo kwa macho kama sinema ya bure. Mgeni ukimkalisha pale na dafu hasemi tena turudi. Uhuru Park nayo ipo pale katikati ya mitaa, kivuli cha kutosha, ukitoka juani unahisi umeingia chumba kingine. Ninachokiomba kwa bustani ni kidogo, mabenchi yenye migongo kwa ajili ya wazee, na miti iandikwe majina. Mtoto wa mjini saivi hajui mkungu, hajui msufi, yeye anajua mti tu.

Mfano mzuri wa miti uko kwetu mkoani, Amani, kule juu Muheza. Bajaji yangu haipandi kule nakiri, nilikwenda na gari la binamu yangu, njia ina kona na vumbi alafu ghafla baridi, mbega wanaruka juu, unanusa iliki na mdalasini toka mashambani. Bustani ile ya mimea ilianzishwa 1902, walileta miti toka pande zote za dunia kujaribu ipi inakubali udongo wetu. Mti wa kwinini walioupanda kule ndo ulikuja kuwaokoa kwenye hiyo vita, meli haziji, dawa ya malaria hakuna, wakawa wanatengeneza kwinini yao palepale kwa magome ya mti. Ukisimama chini ya mti ukaambiwa hivyo hauwi mti tena, unawaza watu wanatetemeka na homa.

Na kuna ua. Ua dogo la zambarau, majani yake yana manyoya kama sikio la panya, linaota kwenye nyufa za mawe zenye unyevu huku kwetu. Mwaka 1892 mkubwa wa wilaya ya Tanga, Mjerumani anaitwa Walter von Saint Paul-Illaire, alilikuta akapeleka mbegu kwao, saivi limejaa kwenye vyungu madirishani dunia nzima, na Wajerumani mpaka leo wanaliita kwa jina la Usambara. Kwa hiyo hapa mambo yamegeuka, kitu chao wanachojivunia madirishani kimeitwa jina letu, na huku kwenye chimbuko lake ukimuuliza mtu mia moja sidhani utapata watatu wanaolijua. Mi nlikuwa kati ya wale tisini na saba.

Mapango ya Amboni siyasemei sana, yapo kilomita 8 tu toka mjini, yana watembezaji wake wanaojua kazi, popo wapo, mizimu ipo, watu wanaleta ubani na maji ya waridi, na ile hadithi ya mbwa aliyeingia pangoni akaenda kutokea mbali utaisikia tu hata usipouliza. Pale mgeni hatoki mikono mitupu. Ninaposema ni huku kwingine ambako jiwe limesimama bubu na anayelisemea ni dereva wa bajaji mwenye njaa.

Maana ndo ombi lenyewe hilo mheshimiwa. Vibao. Vibao vya Kiswahili.

Nisikilize kwanza kwanini Kiswahili. Mji huu ndo uliokuwa unachapa gazeti la Kiswahili, Kiongozi, miaka ya mwanzo ya 1900, kwenye shule ya serikali hapahapa Tanga, wakati sehemu nyingi watu hawajawahi kuona hata karatasi. Na Shaaban Robert, ambaye kila mtoto wa sekondari nchi hii kashamkariri, kazaliwa 1909 Vibambani hapo karibu na Machui, kafariki 1962 na kazikwa Machui. Ukienda Tongoni unapitia njia hiyohiyo. Yule dada wa Singida alikuwa mwalimu, mheshimiwa! Mwalimu wa Kiswahili! Nimempitisha njia ya Machui na sikumwambia kitu, nilikuwa namsimulia bei ya mafuta. Nilikuja kujua ni mwalimu tunaagana, akaniambia nikirudi nitawasimulia wanafunzi wangu kuhusu makaburi, na mi nikawa najisifu moyoni. Nilipokuja kusoma habari za Machui nikaumwa tumbo kabisa.

Sasa mji wa watu kama hao hauwezi kuwa umenyamaza. Kuna pahala kibao kipo, sikatai, lakini kimeandikwa jina na mwaka basi, au rangi imekwisha, au ni Kingereza kitupu kama vile Mtanzania hatembei. Wageni wangu mi kumi, tisa ni Watanzania. Wa harusi, wa msiba, wa mpira Mkwakwani, wa kufuata mzigo bandarini, wa kuleta mtoto shule. Hao ndo watalii. Kizungu kifuate chini kwa herufi ndogo, haina shida.

Kuhusu kibao chenyewe, tafadhali kisiwe cha bati wala chuma. Chumvi ya bahari hapa inakula chuma masika mawili tu kishakuwa biskuti, na kisipoliwa na chumvi kitaliwa na watu wa skrepa, wanapima kwa kilo hao hawasomi. Wala msipake rangi. Fanyeni kama wale Wahindi, herufi ziingie kwenye saruji yenyewe. Nimeongea na fundi mmoja anayetengeneza mawe ya makaburi, akanionesha, unaanza na fremu ya mbao, unapanga herufi kinyumenyume chini zimepakwa mafuta, unamwaga zege laini, siku ya pili unageuza. Herufi zimezama ndani kidole kinaingia, hata asiyeona vizuri anaweza kupapasa akasoma. Kinakaa chini ya goti hivi, kimelala, mtoto anakifikia. Akaniambia ugumu sio saruji, ugumu ni maneno, ukikosea herufi moja umekosea miaka mia.

Hilo la maneno nalo lina wenyewe. Msiwape watu wa mbali waandike "jengo hili lina umuhimu mkubwa wa kihistoria". Hiyo sentensi nimeisoma sehemu nyingi na haijawahi kumfanya mtu ashuke kwenye bajaji. Wakalisheni wazee wa mji, walimu wa historia na wale wa makumbusho, kila pahala maneno hamsini tu, nani kakaa, nani kabeba mawe, nini kilitokea. Na pale penye ubishi liandikwe lenye uhakika tu, mengine tuachieni sisi wa vijiweni tutayasema.

Nikiri pia kwamba hii sio mara ya kwanza kulisema. Nilienda ofisi moja, siitaji maana sio shida ya hapo tu, nikaambiwa leta barua, nikaleta, nikaambiwa barua haina muhuri, nikauliza mtu wa bajaji muhuri anautoa wapi, yule kijana wa mapokezi mwenyewe akacheka, akaniambia kaka angu kweli. Ndo nikaona bora niandike hapa wazi, hapa hapahitaji muhuri.

Sitaki vibao mia. Naomba vitano. Stesheni, Bombo kwa ajili ya hospitali na ile vita, ufukweni panapotazamana na Toten, Machui, na Tongoni. Na kama inawezekana vizinduliwe tarehe 7 Julai, si ndo siku ya Kiswahili duniani, badala ya kukaa ukumbini kwenye feni na maji ya chupa tutoke tukasome mawe.

Mi sio mwandishi lakini cha Tongoni nimeshakijaribu, nimemsomea yule mzee akanirekebisha mara mbili. Hiki hapa, kikikufaa kichukue bure:

"Hapa waliishi Waswahili miaka mia tano na zaidi iliyopita. Walijenga msikiti huu kwa matumbawe na chokaa, wakazika wakubwa wao chini ya nguzo hizi. Vasco da Gama alipita jirani 1498, mji ukiwa hai. Kwenye vishimo hivi palikuwa na mabakuli ya China. Mji ulipohamwa watu wakapaita Tongoni, yaani penye mahame. Usipande juu ya makaburi."

Hiyo ya mwisho mzee kaisisitiza yeye.

Jumamosi asubuhi mi huwa nipo pale stesheni toka saa moja, bajaji ya bluu, kioo cha mbele kina ufa upande wa kushoto. Njoo nikuzungushe mheshimiwa, mjini sikuchaji. Ya Tongoni tutachangia mafuta.